Kompyuta Iliyobisha Hodi Muyinga

Jumapili, tarehe 5 Juni 2022. Yoba, Gitega.

Iandikwe wazi. Tangu Gitega iwe mji mkuu, hajatokea mtu aliyeuletea sifa kama nilizouletea mimi, Kasiano, jana kule Muyinga. Wakubwa wana misafara. Mimi nina ulimi.

Nilikuwa msemaji wa upande wetu! Mahari ya Eliud, mtoto wa marehemu kaka yangu. Wenye binti wamekaa kule, sisi huku, mtungi wa pombe ya ndizi katikati, na mimi nimesimama. Nilisema mpaka bibi zao wakafuta machozi. Mbuzi aliyefungwa nje alinyamaza kunisikiliza. Shemeji Thomas, mjomba wake Eliud, ameitamani nafasi hiyo tangu uchumba uanze. Alikaa kwenye kona akitazama viatu vyake. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari. Na aliendesha vibaya.

Lakini kilele ni kitenge. Kitenge cha kumpa mama wa binti. Watu wengine hutoa kitenge kimelegea kama mgonjwa wa malaria. Changu kilisimama! Pembe nne, kimenyooka kama ukuta wa benki. Nilikikunja mwenyewe asubuhi, wenzangu wakiwa wanapiga pasi mashati. Waliniuliza siri. Sikutoa. Nilimkabidhi Mama Klara kwa mikono miwili nikatangaza: ndani ya kitenge hiki mna kitu kizito kuliko kitenge! Vigelegele mpaka barabarani. Nilimaanisha heshima. Nilibuni palepale.

Kwenye ukoo wao kitenge cha wakwe hakikunjuliwi hadi siku ya harusi. Kinakaa juu ya kabati ili kila mgeni akione. Safi sana. Kitanitangaza hadi Agosti.

Jioni, msukosuko nyumbani. Upendo, dada yake Eliud, ambaye ninaishi kwake kwa muda tu (tangu mwaka juzi), haoni kompyuta yake ya kazi. Ile ya kufungwa na kubebwa. Anasema aliiacha mezani jana asubuhi. Amepekua mpaka gunia la maharage. Nikamwambia alale, jambo hili sasa liko mikononi mwangu. Hakulala.

Jumatatu, tarehe 6 Juni.

Mambo ni mazito! Upendo anafanya kazi kwenye ofisi inayopima mashamba ya sisi tuliorudi kutoka Tanzania. Ndani ya kompyuta hiyo mna mipaka yote ya Bukirasazi na Ryansoro. Mipaka ambayo waliobaki na waliorudi walikaa chini wakakubaliana, baada ya kuoneshana mapanga kwa miaka. Yeye amezunguka milimani kwa miguu msimu mzima kuipima. Hakuna nakala kwingine, mtandao wa huko milimani ni wa kuombea. Mkuu wake amempa hadi Ijumaa jioni. Isipoonekana, hana kazi. Na watu wa Bukirasazi wataanza ugomvi upya kutoka mwanzo.

Shamba langu la Ryansoro nalo limo humo. Lakini mimi sijali mambo yangu binafsi. (Ni shamba zuri. Lina mgomba mmoja.)

Nimemkumbusha Upendo kwamba anaongea na mtaalamu. Kule kambini Ulyankulu nilikozaliwa, niliwahi kufuata baiskeli iliyoibwa hadi Tabora kwa kunusa grisi yake njiani. Na kompyuta nazijua vizuri. Naitambua kompyuta hata gizani, kwa kuigusa tu. Upendo alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Heshima hiyo.

Mshukiwa wangu: Thomas. Gari lake ndilo lililotubeba Jumamosi. Alikuwa ameegesha dirishani kwa Upendo. Ana wivu. Imekwisha hiyo!

Mpango: nikajipenyeza kwenye buti la gari lake akiwa anakunywa chai. Nikapapasa chini ya tairi la akiba. Hamna. Nikasikia mlango. Gari likaondoka na mimi ndani! Likasimama sokoni, buti likafunguliwa, wachuuzi wakaanza kunirundikia kabichi bila hata kuniangalia. Thomas akachungulia katikati ya kabichi, akauliza kwa upole shemeji anasafiri kwenda wapi.

Nimebeba kabichi mpaka saa sita. Walidhani ni kibarua wake. Hakuwasahihisha.

Jumanne, tarehe 7 Juni.

Siku kubwa! Upendo amenipeleka ofisini kwake. Kuna fundi wao wa mitandao, Aboubakar, kijana wa familia moja ya mafundi cherehani pale mjini. Anavaa kofia iliyoshonwa kwa mkono na ana kalamu sikioni ambayo hajaitumia kamwe. Upendo aliposema mtandao unaweza kuonesha kompyuta ilikopita, nilirudi nyumbani kuvaa koti. Kama mtandao unatazama, uniangalie vizuri.

Haukuniangalia. Ni mistari tu, mirefu, ya herufi na namba. Aboubakar akaeleza kwamba ofisi ya Gitega na tawi la Muyinga wanatumia mtandao mmoja. Kila kompyuta ya ofisi ina namba yake. Ikikaribia tu, inabisha hodi yenyewe, na mtandao unaandika: fulani amebisha, saa fulani, mlango fulani. Nikasema ndivyo tulivyokuwa tukifanya kule Tanzania. Akauliza mwaka gani. Nikakohoa.

Akashuka na mistari kwa kidole. Akasimama. Akaita Upendo, kisha mimi.

"Tonton, na we kuja uone. Machine iko Muyinga. Samedi mchana ilibisha, dimanche ikabisha, lundi asubuhi ikabisha. Kisha kimya. Haikuzimwa, ilifungwa kifuniko tu, iko inalala na inaamka kidogo. Sasa betri imekufa."

Muyinga! Tangu Jumamosi hadi Jumatatu! Ofisi nzima ilisimama. Upendo akasema polepole kwamba Jumamosi mchana sisi sote tulikuwa Muyinga. Nikapiga meza. Sawasawa! Na tulikwenda kwa gari la nani?

Akasema gari la mjomba Thomas, lakini mjomba hakuingia ndani ya nyumba asubuhi ile hata mara moja, alibaki akifuta vioo. Nikamwambia wezi wakubwa huwa hawaingii. Aboubakar akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

Kesho tunaondoka. Mimi, Upendo na Aboubakar. Tutakwenda na gari la pekee lililopatikana.

La Thomas.

Jumatano, tarehe 8 Juni. Muyinga.

Nimesafiri na mshukiwa, goti kwa goti, kupitia Karuzi yote! Nimekaa mbele ili nimsome uso. Uso wake hausomeki. Alikuwa anatafuna karanga. Kila nilipomtupia swali la mtego alinipa karanga. Nilizila. Ni sehemu ya uchunguzi.

Kwenye tawi la Muyinga Aboubakar alitazama tena mistari. Jengo lina antena mbili, moja inaangalia barabara, nyingine inaangalia uani. Kompyuta ilibisha ile ya uani kila mara. Ya barabarani haikuigusa hata kidogo. Basi haikuwa inapita, ilikuwa imekaa. Na hiyo antena ya uani nguvu yake inaishia kwenye nyua mbili tu: duka la Hamissi fundi redio, na nyumba nyingine nyuma ya ua wa miyenzi, vile vichaka vya utomvu.

Sikungoja habari za nyumba nyingine. Fundi redio! Thomas kampelekea mwenzake! Nikaingia dukani kwa Hamissi kwa kishindo, nikasema mikono juu, mtandao umekuona. Mzee huyo alikuwa ameshika waya kwa meno. Akanipa waya ule, akaniomba nisimame mlangoni na kuunyanyua. Redio ikashika mpira. Wateja wakashangilia, wakasema nisitikisike. Kila niliposhusha mkono walipiga kelele. Nimesimama hivyo hadi mapumziko. Hakuna kompyuta humo. Kuna redio za tangu enzi za wafalme, na paka.

Niliporudi, Upendo alikuwa amesimama mbele ya ile nyumba nyingine. Akasema: "Baba mdogo, hapa si ndipo tulipoleta mahari?"

Ndipo. Kwa Mama Klara! Jumamosi tulifika kwa njia ya juu, sikujua kama mgongo wa nyumba unatazamana na ofisi. Nikamwambia Upendo wakwe zetu ni watu wa heshima, tuingie tusalimie tu, tusiulize lolote. Tukaingia. Mama Klara akatukaribisha kwa furaha, akaniita bamwana, kama wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wanaoana. Nikakaa. Nikainua macho juu ya kabati.

Kitenge changu. Kimesimama. Pembe nne. Kimenyooka kama ubao.

Moyo ulidondoka mpaka kwenye soksi. Kwa sababu nilikumbuka nilikinyoosha kwa kitu gani. Kile kitu cheusi, chembamba, kigumu, nilichokichukua mezani kwa Upendo Jumamosi asubuhi. Nilikizungushia kitenge. Ndiyo siri ya kukunja.

Nilikiweka mimi. Kwa makusudi maalumu ambayo nitayaeleza siku nyingine.

Upendo aliniuliza mbona natoka jasho. Nikasema Muyinga kuna joto. Muyinga hakuna joto.

Alhamisi, tarehe 9 Juni. Muyinga.

Tumelala kwenye chumba cha wageni cha ofisi. Sijamwambia mtu. Kwa nini nimsumbue Upendo wakati naweza kuirudisha kimyakimya nikawa shujaa?

Tatizo ni moja. Kitu kilichotolewa kwenye mahari hakiombwi tena. Ukikiomba, umeuomba na uchumba. Eliud atanikata shingo.

Mpango wa kwanza: nilikwenda peke yangu nikamwambia Mama Klara kuwa kwetu msemaji hurudi kukipa kitenge hewa. Akacheka. Akasema kwao upande wa kiume hawakigusi tena, wakikigusa ni mkosi. Halafu akasogeza kiti. Sasa namwandika kama alivyosema:

"Bamwana, ulisema mbele za watu kama mule mna kitu kizito. Mi nilikinyanyua. Kweli ni kizito. Na ile siku ya samedi, giza ilipoingia, kilitoa kataa kadogo ka kumulika. Nimewaambia majirani wote, wakwe zangu wa Gitega wamenipa kompyuta ndani ya kitenge. Siku ya harusi wote watakuja kuona."

Nilimeza chai ya moto bila kuipuliza.

Anataka kumpa binti yake, Jovina, mchumba wa Eliud, akasome nayo. Alisema hivyo akiniangalia kama mtu aliyeshushwa na malaika. Mwanamke huyo alirudi kutoka kambi ya Lukole, Tanzania, na watoto, sufuria moja na mlango. Mlango alioubeba kwa sababu alisikia nyumba zimebaki bila milango. Na sasa mimi nimempa kompyuta. Nilijisikia mkubwa sana. Kisha nikajisikia vibaya sana. Kisha nikapata mpango wa pili.

Mpango wa pili ni wa akili nyingi mno! Siku ya mahari wanawake wetu wote walivaa sare, kitenge kilekile cha zawadi. Upendo amekuja na chake begani kwa ajili ya baridi. Nilikiazima akiwa anaoga. Nikaazima na sinia la ofisi. Nikakunja. Pembe nne! Nikarudi kwa Mama Klara saa ya kupika. Akatoka uani kukoleza moto. Nikapanda kiti, nikashusha kile, nikawa napandisha hiki.

Akarudi kuchukua chumvi.

Nikakalia kiti kwa haraka, nina vitenge viwili mapajani kama mama wa mapacha. Nikasema nimemletea cha pili. Alipiga vigelegele peke yake. Akavipanga vyote viwili juu ya kabati, bega kwa bega. Akasema kwa hiyo sasa ni kompyuta mbili.

Vinafanana kabisa. Hata mimi niliyekunja sijui kipi ni kipi.

Ijumaa, tarehe 10 Juni. Muyinga.

Asubuhi Upendo aliuliza kitenge chake kiko wapi. Mlinzi wa ofisi aliuliza sinia liko wapi. Walikutana mlangoni wakiulizana. Thomas, akiwa anatafuna karanga, akasema kwamba jana alimwona shemeji akitoka na furushi lililonyooka sana. Kama lile la Jumamosi, akasema. Na akaacha kutafuna.

Nikamweleza Upendo nusu. Nusu nyingine alijaza mwenyewe.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa kwenye ngazi akasema anakumbuka kila kilima. Kuna bibi mmoja wa Bukirasazi aliyemshika mkono mpaka kwenye mti wa mpaka, akaugusa, akamwambia aandike haraka kabla watu hawajabadili mioyo. Mti huo umo mule, alisema. Kisha akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Mama Klara. Sote tukamfuata. Hata Aboubakar. Hata Hamissi aliuacha waya akaja.

Akapiga magoti mbele ya kabati.

"Mama, kilichomo mule si zawadi. Ni kazi yangu, na mipaka ya watu imo ndani. Jioni wakiikosa naondolewa. Harusi ikivunjika kwa hili nitaumia, lakini siwezi kukudanganya."

Mama Klara alivitazama vitenge vyake viwili. Akavishusha, akavipima mikononi, akashika kimoja. Akanigeukia mimi.

"Bamwana, ulisema mbele za watu. Basi ukanushe mbele za watu. Watu wasiseme kama wakwe zangu walinipa, kisha wakaninyang'anya."

Majirani walikuwa wamekwisha jaa uani. Sijui nani aliwaita. (Hamissi.) Nikasimama. Nikaanza vizuri sana, tangu babu zetu walivyovuka mto Malagarasi. Thomas akasema kwa sauti ndogo: "Shemeji, fupisha." Nikasema basi ni hivi, kilichomo kiliingia kwa makosa, mkunjaji ni mimi, wakwe hawajanyang'anya mtu. Mama Klara akauliza niliiweka ya nini. Nikasema nilikuwa nautahini mtandao wa ofisi kama uko macho.

Walicheka! Walicheka mpaka mmoja akashika ua wa miyenzi. Mama Klara alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini. Alipopata pumzi alikunjua kitenge mwenyewe, akamkabidhi Upendo kompyuta yake, akampangusa vumbi usoni.

Ofisini wakaichomeka umeme. Tukasubiri. Aboubakar akatazama mistari yake. Mstari mpya ukashuka: imebisha hodi. Upendo alilia sasa. Bukirasazi yote ilitumwa Gitega kabla mkuu wake hajafunga mlango, na mkuu akajibu neno moja, vizuri.

Mama Klara amebaki na vitenge viwili na sinia. Amesema harusi ipo palepale. Ila msemaji wa siku hiyo atakuwa Thomas. Eliud amepigiwa simu. Amekubali kabla hajaambiwa sababu.

Jumamosi, tarehe 11 Juni. Yoba.

Habari zimefika Yoba kabla yetu. Kwenye kazi za maendeleo asubuhi, tukifyeka mtaro, watu waliniuliza kama panga langu limebisha hodi. Nimewaeleza yaliyotokea kwa usahihi: kwamba kompyuta iliibwa na genge la mpakani, nikaifuata hadi Muyinga kwa kusoma mtandao, nikawazingira. Mtoto mmoja aliuliza habari za kabichi. Nikamwambia afyeke.

Upendo ameipeleka kompyuta kwa mkuu wake itiwe nembo. Imebandikwa karatasi kubwa ya njano: SI KITENGE. Aboubakar ndiye aliyeandika. Kumbe ile kalamu inaandika.

Jumapili, tarehe 12 Juni. Yoba.

Habari njema! Thomas amekuja mwenyewe. Amekaa, akachezesha funguo, akasema yeye kusema ataweza, ila kukunja hawezi, na Mama Klara ana shangazi watatu ambao nao lazima wapewe kitenge siku ya harusi. Amekubali kwamba hakuna mkono Burundi unaokunja kama huu. Ameniomba! Nimemfanya asubiri huku nikimaliza karanga zake zote.

Upendo amesema sawa, mradi niape kwamba sitagusa meza yake ya kazi. Nimeapa kwa mkono juu, kama kwa Hamissi.

Nimeanza leo kwa majaribio. Meza yake sijaigusa. Nimechukua kitu kilichokuwa juu ya kiti, chini ya sweta lake. Ofisi imempa jana, nadhani kwa kumpongeza. Sinia dogo, zuri, jembamba, uso wote kioo, la kutosha vikombe viwili. Pembeni lina kataa kadogo ka kijani, lakini vyombo vya siku hizi vimejaa mapambo. Nimekunja. Kimesimama! Pembe nne! Thomas amekichukua, amekwisha ondoka nacho kwenda kuwaonesha Muyinga.

Safari hii nina hakika ni sinia. Nimeligeuza pande zote.

Maana hata lile la kwanza, na hili sijamwambia Upendo, wala Mama Klara, wala padri, nilidhani ni sinia.